Mnyama wa Ufunuo Anakaa kwa Nani?

Tarehe 15 Agosti, Wakatoliki wanapoadhimisha Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, somo la kwanza la Misa hutoka Ufunuo wa Yohana, mlango wa 12. Yumo mwanamke aliyevikwa jua, ana uchungu wa kuzaa, na mbele yake lipo joka linalongoja mtoto azaliwe limmeze. Somo hilo lina mkato ambao wengi hawauoni. Linamfuata mwanamke mpaka anapokimbilia nyikani, kisha linakoma katikati ya aya ya 6 na kurukia aya ya 10. Kipande kilichoachwa ndicho chenye hesabu: siku 1,260 ambazo mwanamke huyo angetunzwa huko nyikani.

Kwa Msabato, kukata hapo ni kukata kiini chenyewe. Kwake mwanamke ni kanisa la kweli, siku ni miaka, na miaka hiyo ilianza mwaka 538 ikaisha mwaka 1798. Mlokole aliyelelewa katika mafundisho ya unyakuo atakuambia mwanamke ni Israeli, siku ni siku za kawaida, jumla yake miaka mitatu na nusu, nazo bado hazijaanza. Mhadhiri wa Agano Jipya ataelekea zaidi kwenye karne ya kwanza, kwenye vita ya Wayahudi na Warumi na habari aliyoiandika mwanahistoria Eusebio kwamba Wakristo wa Yerusalemu walikimbilia Pella, ng'ambo ya Yordani. Mkatoliki anamwona Maria, na nyuma ya Maria analiona Kanisa. Watu wanne hawa wanaweza kubanana kwenye kiti cha nyuma cha daladala moja, kila mmoja na Biblia ileile ya Union Version mkobani.

Ukitaka kujua msomaji wa unabii ni wa mkondo upi, usihangaike kumwuliza nyota kumi na mbili ni nini. Fungua mlango unaofuata, wa 13, umwulize mnyama anayetoka baharini anakaa wapi. Kuna atakayekuonyesha kaburi la karne ya kwanza, kuna atakayekuonyesha kanisa la jirani, na kuna atakayekuonyesha kesho. Mahali anapomweka mnyama ndipo mkondo wake wote unapojidhihirisha, pamoja na hofu zake.

Nianze na wale wa kalenda, wanaohesabu siku za unabii kuwa miaka ya historia, kwa kuwa kwetu wana mizizi mirefu. Mikutano ya injili ambayo Wasabato wa Tanzania huiita efoti mara nyingi humleta Nebukadreza jukwaani mapema. Ile sanamu ya ndoto yake katika Danieli 2 huonyeshwa kwa picha: kichwa cha dhahabu Babeli, kifua cha fedha Umedi na Uajemi, tumbo la shaba Uyunani, miguu ya chuma Rumi, na nyayo za chuma iliyochanganyika na udongo, yaani mataifa ya Ulaya yaliyoshindwa kuungana. Asiyewahi kusoma historia darasani anaondoka uwanjani akiwa na mhimili wa miaka elfu mbili na mia tano kichwani. Huwezi kulidharau jambo hilo. Usomaji huu unamheshimu msikilizaji, unampa tarehe na majina ya wafalme, unamwambia akahakiki mwenyewe.

Ufunguo wake ni kanuni ya siku moja kuhesabiwa mwaka mmoja, inayotolewa Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Watu wengi hudhani kanuni hiyo ni ya Wasabato. Sivyo. Kwa karne tatu hivi huo ulikuwa ndio usomaji wa kawaida wa Waprotestanti. Martin Luther, ambaye katika dibaji yake ya mwaka 1522 aliuonea Ufunuo mashaka makubwa, mwaka 1530 aliandika dibaji nyingine akiupanga mlango kwa mlango juu ya historia ya Kanisa, na katika Makala za Smalcald za mwaka 1537 akamwita Papa Mpinga Kristo bila kupepesa macho. Isaac Newton, yuleyule wa nguvu za uvutano, alitumia miaka mingi kwenye Danieli na Ufunuo, na kitabu chake juu ya unabii huo kilichapishwa mwaka 1733, baada ya kufa kwake. Aliyekuja kuikaza hesabu mpaka ikakatika ni William Miller, mkulima wa jimbo la New York. Alichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akazianzisha mwaka 457 kabla ya Kristo, ilipotoka amri ya mfalme Artashasta, na hatimaye wafuasi wa vuguvugu lake wakasimama juu ya tarehe 22 Oktoba 1844. Maelfu walingoja. Siku ikapita.

Kilichofuata kinavutia kuliko kosa lenyewe. Baadhi ya waliokatishwa tamaa walisema tarehe ilikuwa sahihi ila tukio halikuwa la duniani: Kristo alikuwa ameanza kazi mpya katika hekalu la mbinguni. Kutoka kundi hilo likazaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi Battle Creek, Michigan, mwaka 1863. Mwaka 1903 wamisionari wake walikuwa Giti, milimani Upare. Mtu wa nje anaweza kuona kwamba maelezo ya hekalu la mbinguni yaliokoa hesabu kwa kuipeleka mahali pasipohakikika. Lakini wamejifunza jambo moja ambalo wengine hawajajifunza: mafundisho yao rasmi hayakubali tena kutaja tarehe ya marejeo ya Yesu.

Shida yangu na kalenda, inayomwona mnyama kuwa upapa uliotawala miaka hiyo 1,260, iko kwingine. Mwaka 1798 jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali Berthier liliingia Roma na Papa Pius VI akachukuliwa mateka. Lilikuwa tukio kubwa, na wasomaji wa unabii wa wakati ule walishtuka kwa haki. Ukirudi nyuma miaka 1,260 unafika 538, mwaka ambao Wagothi waliondoa mazingiwa yao kuizunguka Roma. Je, kuna mwanahistoria ambaye angeuchagua mwaka huo kama mwanzo wa enzi ya mapapa, kama asingekuwa amekwisha kuushika mwisho? Na tena, mnyama akishapewa anwani Vatikani, basi shangazi yako anayesali rozari naye anakuwa ndani ya hesabu. Mahubiri huweza kusema mara kumi kwamba yanashutumu mfumo wala si watu. Shangazi atasikia alivyosikia.

Majibu ya Wakatoliki kwa mashtaka hayo yalitoka Hispania, kwa Wajesuiti wawili, na kila mmoja alimhamisha mnyama upande wake. Francisco Ribera wa Salamanca, mwishoni mwa karne ya 16, alisema sehemu kubwa ya Ufunuo inahusu kipindi kifupi mwishoni mwa dunia, na Mpinga Kristo ni mtu mmoja ambaye bado hajaja. Luis de Alcázar wa Sevilla, katika kitabu kilichotoka mwaka 1614, alisema kinyume: mengi yalikwisha kutimia, kwanza dhidi ya Wayahudi waliolipinga Kanisa, kisha dhidi ya Rumi ya kipagani. Mmoja alimsukuma mbele, mwingine akamsukuma nyuma. Wote wawili wakamwondoa kwenye kiti cha Papa. Ndiyo maana huwa natabasamu ninapomsikia mhubiri wa Kipentekoste, ambaye hatakubali kuchangia chochote na Wajesuiti, akieleza Mpinga Kristo wa siku za usoni kwa mpangilio ambao Ribera angeutambua. Sisemi ulinakiliwa kwake. Ireneo wa Lyon, mwaka 180 hivi, naye alimtazamia Mpinga Kristo ambaye bado anakuja. Lakini Uprotestanti ulikuwa umeuacha usomaji huo, nao ukarudi kwa mlango ambao haukutazamiwa.

Aliyeufungua mlango huo kwa ulimwengu wa Kiingereza ni John Nelson Darby, kasisi wa Kianglikana huko Ireland aliyejitoa akawa kiongozi wa Ndugu wa Plymouth. Kuanzia miaka ya 1830 alifundisha kwamba Mungu ana mipango miwili isiyopaswa kuchanganywa, mmoja wa Israeli na mmoja wa Kanisa, na kwamba Kanisa litanyakuliwa kabla ya dhiki kuu. Nguzo ya jengo hili ni Danieli 9 na majuma yake sabini, miaka 490. Majuma 69 yalifika mpaka kwa Kristo. Israeli walipomkataa, saa ikasimama. Juma la mwisho, miaka saba, litaanza Kanisa likishaondoka, na siku 1,260 ni nusu yake. Msabato anasoma mlango uleule bila kusimamisha saa: kwake juma la 70 liliisha mwaka 34 baada ya Kristo. Wote wawili wanakubaliana kwamba hesabu inamwelekea Yesu, kisha wanaachana kabisa. Mimi hapa niko na Msabato. Pengo ambalo Danieli halitaji limekwisha kufikia karibu mara nne ya urefu wa unabii wote unaodaiwa kulibeba.

Mafundisho ya Darby yasingefika Kigoma na Kisumu kwa vitabu vyake, ambavyo si vyepesi kusoma. Yalibebwa na Biblia ya Scofield, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1909, yenye maelezo kwenye ukurasa uleule wa Maandiko, kiasi kwamba msomaji wa miaka ishirini hakumbuki tena lipi lilikuwa la juu ya mstari na lipi la chini. Taifa la Israeli lilipoundwa mwaka 1948, wafuasi wa mkondo huu waliona saa ya Danieli inaanza kutikisika. Mwaka 1970 Hal Lindsey alitoa kitabu chake juu ya sayari inayoelekea mwisho, kikauzwa kwa mamilioni. Wapo waliohesabu kizazi cha miaka arobaini kutoka 1948 wakangoja 1988. Wamisionari, redio, filamu za watu wanaotoweka ghafla na vyakula kubaki mezani vilimaliza kazi. Leo mkondo huu ndio unaosikika zaidi katika mikutano ya uwanjani Afrika Mashariki, hata kwa watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Darby.

Sifa yake ni kwamba haulei uvivu wa kuzigeuza ahadi zote za manabii kuwa mafumbo ya moyoni. Isaya anaposema mataifa, mfuasi wake anasikia mataifa, yenye ardhi na mipaka. Lakini neno wanalojisifia, kusoma kama ilivyoandikwa, halidumu hata mlango mmoja. Nzige wa Ufunuo 9 wamewahi kuelezwa kuwa helikopta za kivita. Hapo usomaji wa neno kwa neno umekwenda wapi? Na kwa kuwa mnyama anakaa kesho, kila kesho mpya inashukiwa. Mwaka 2019 Kenya ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, minong'ono ya 666, namba ya mnyama, ilienea mpaka maofisa wa serikali wakalazimika kuikanusha. Mwaka mmoja au miwili baadaye ikawa chanjo ya korona. Kabla yake ilikuwa mistari ya bei kwenye bidhaa za dukani. Kulikuwa na maswali halali ya kuuliza kuhusu taarifa za wananchi, nani atazitunza na nani atazichungulia, na mengine yalifikishwa mahakamani. Kelele za chapa ya mnyama hazikuyasaidia. Ziliyafanya yaonekane ni mambo ya washirikina.

Kwa wanaomweka mnyama jana, hoja ni nyepesi kueleza, nayo ina uzito. Ufunuo ni barua. Ulipelekwa kwa makanisa saba yenye majina na barabara, Efeso, Smirna, Pergamo na mengine, katika jimbo la Asia ambako kaisari aliabudiwa hekaluni. Kwa nini Yohana awaandikie watu wa Smirna juu ya kompyuta? Hesabu ya jina inakubaliana nao vizuri sana. Herufi za Kiebrania zina thamani za namba, na ukiandika Neron Kesar, yaani Kaisari Nero, kwa herufi hizo unapata 666. Ukiliandika jina kwa umbo la Kilatini, bila n ya mwisho, unapata 616, na tofauti hiyo si ya kubuni: kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus, Misri, mojawapo ya mabaki ya zamani zaidi ya kitabu hiki, kinasoma 616. Sijaona maelezo mengine ya namba hiyo yanayojibu maswali mawili kwa pigo moja.

Hata hivyo Ireneo anawasumbua. Alikulia Smirna, mji uliopelekewa barua hiyo. Aliijua nakala yenye 616 na akaikataa. Alijaribu majina kadhaa yanayofikia 666, kama Lateinos na Teitan, na Nero hamtaji kabisa. Tena anasema maono yalionekana karibu na mwisho wa utawala wa Domitiano, yaani miaka ya 90, Nero akiwa amekwisha kufa tangu 68. Kisha akasema ni salama zaidi kungoja unabii utimie kuliko kubahatisha jina. Sababu aliyoitoa ni ya kupendeza: kama jina lilipaswa kujulikana waziwazi wakati ule, mwenye maono angelitaja mwenyewe. Usomaji wa jana una tatizo jingine, la kichungaji. Ukishamzika mnyama na Nero, mtu anayefukuzwa shambani kwake na mwenye nguvu leo anabaki mtazamaji wa ugomvi wa watu wengine.

Nakuja sasa kwa mtu ambaye ningependa ajulikane zaidi katika vyuo vyetu vya uchungaji. Jina lake ni Tyconius. Aliishi Afrika Kaskazini katika nusu ya pili ya karne ya nne, nchi ambayo sasa ni Tunisia na Algeria. Hakuwa askofu, alikuwa mlei, na alikuwa Mdonati. Wadonati walikuwa Wakristo wa Afrika waliojitenga na Wakatoliki kwa sababu ya wale waliosaliti wakati wa mateso ya Diokletiano. Kwao wao ndio waliokuwa kanisa safi. Walipobanwa na askari wa kaisari Mkristo kwa niaba ya Wakatoliki, kumtambua mnyama hakukuhitaji hesabu. Mnyama alikuwa amesimama mlangoni na mkuki.

Tyconius alikuwa na kila sababu ya kuusoma Ufunuo hivyo. Hakuusoma hivyo. Katika kitabu chake cha kanuni saba za kusoma Maandiko alifundisha kwamba mwili wa Bwana una pande mbili, mkono wa kuume na mkono wa kushoto, wema na waovu wamo ndani ya kanisa moja mpaka mwisho, na kwamba shetani naye ana mwili wake, ambao haukai nje tu. Maandiko yanaweza kuanza kusema na upande mmoja na, bila kutoa taarifa, yakageukia mwingine. Maana yake kwa Wadonati wenzake ilikuwa kali: unapotafuta mnyama usikomee kwa Wakatoliki, tazama pia benchi unalokalia. Baraza la Wadonati lilimshutumu. La ajabu ni kwamba hata hivyo hakuhamia kwa Wakatoliki. Akabaki katikati, amekataliwa na wake, hajajiunga na wale wengine.

Augustino wa Hippo alizisoma kanuni hizo, akaziweka katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, huku akishangaa kidogo kwamba Mdonati ameandika mambo dhidi ya Wadonati. Kisha, katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu, alieleza miaka elfu ya Ufunuo 20 kuwa wakati wote wa Kanisa, tangu kuja kwa Kristo mara ya kwanza hadi atakaporudi. Anakiri kwamba mwanzoni yeye mwenyewe aliamini ule utawala wa miaka elfu hapa duniani. Roma ilikuwa imetekwa na Alariki mwaka 410, wakimbizi wakamiminika Afrika, na watu waliuliza kama huo ndio mwisho. Jibu la Augustino lilikuwa kwamba mji wa Mungu haukuwa Roma, kwa hiyo haukuanguka. Usomaji huo ndio uliotawala Ulaya ya Magharibi kwa karne nyingi, na ndio msingi wa Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana wengi na Wapresbiteri hadi leo, hata pale ambapo mshirika hajui anauamini.

Ninauona kuwa bora kuliko mingine, na sababu ni Tyconius kuliko Augustino. Kwa Augustino kuna hatari ya kulala usingizi: ukisema enzi ya Kristo ndiyo hii ya Kanisa, askofu mwenye gari zuri anaweza kudhani enzi hiyo ni yake. Kwa Tyconius hakuna nafasi ya kulala. Mnyama wake hana anwani ya kudumu, na huwezi kumtaja jirani bila kwanza kupekua nyumbani.

Lakini usomaji bora haukingi watu kwa kuwa bora tu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na makaburi ya halaiki yakafukuliwa kwingine baadaye. Viongozi walikuwa wametabiri mwisho kuja pamoja na mwisho wa 1999. Hawakulelewa kwa Darby wala kwa Miller. Walitoka katika Kanisa Katoliki, miongoni mwao padre wa zamani, na walidai kutokewa na Bikira Maria. Katekisimu ya Kanisa hilohilo, katika ibara ya 676, inakataa kila namna ya fundisho la ufalme wa miaka elfu unaotimia ndani ya historia, hata ile iliyopunguzwa makali. Katekisimu ilikuwepo, watu wakafa. Miaka 23 baadaye, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Hao walitoka katika mahubiri ya aina nyingine kabisa.

Sehemu ya lawama nawawekea wenzangu wa makanisa ya zamani, kwa ukimya wao. John Calvin aliandika ufafanuzi wa karibu kila kitabu cha Agano Jipya, Ufunuo hakuugusa. Masomo ya Jumapili ya Wakatoliki huuleta Ufunuo hasa katika kipindi cha Pasaka cha mwaka C wa mzunguko wa masomo, na yanayotoka humo ni ya Mwanakondoo, umati wenye mavazi meupe na Yerusalemu mpya. Ratiba ya pamoja inayotumiwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti hufanya vivyo hivyo. Mlango wa 13 haumo katika Jumapili hizo. Hata katika wiki mbili za Novemba ambapo Ufunuo husomwa katika Misa za siku za kazi, somo linatoka mlango wa 11 na kutua wa 14. Kwa hiyo Mkatoliki na Mlutheri wa kawaida hukutana na mnyama kwa mara ya kwanza mbali na kanisa lake: kwenye simu, kwenye kipaza sauti cha stendi, kwenye efoti ya jirani. Anaogopa, na hana wa kumwuliza, kwa kuwa padre au mchungaji wake naye anauepuka mlango huo.

Kuuliza ndiko kulikotokea Arsinoe, Misri, katikati ya karne ya tatu. Askofu mmoja wa huko, Nepo, alikuwa ameandika kitabu kuwapinga wanaozigeuza ahadi za Ufunuo kuwa mafumbo. Alifundisha miaka elfu ya raha hapa duniani. Alipokufa kitabu chake kiliendelea kusomwa, makanisa mazima yakagawanyika. Dionisi, askofu wa Aleksandria, mtu wa mkondo wa Origene uliosoma Maandiko kwa mafumbo, angeweza kutuma barua ya kuwatenga. Alikwenda mwenyewe. Aliwaita wazee na walimu wa vijijini, na ndugu wengine waliotaka kuja, wakakileta kitabu cha Nepo, naye akakaa nao siku tatu mfululizo, asubuhi hadi jioni, wakikipitia hoja kwa hoja. Eusebio ametuhifadhia maelezo ya Dionisi mwenyewe. Anamsifu kwanza marehemu Nepo, kwa imani, kwa bidii, hata kwa nyimbo zake. Anawasifu wanavijiji kwamba hawakuona aibu kubadili mawazo penye hoja, wala hawakung'ang'ania walipobanwa. Siku ya mwisho kiongozi wao, Korakioni, alisema mbele ya wote kwamba ameridhika na hatalifundisha tena jambo hilo.

Ushindi huo ulikuwa na bei. Katika kulijibu suala hilo Dionisi aliuchunguza Ufunuo wenyewe, akaona Kigiriki chake hakifanani na cha Injili ya Yohana, akasema mwandishi lazima ni Yohana mwingine. Kitabu hakukitupa, alisema kina maana zinazomzidi. Lakini mashaka aliyoyapanda yalichukua karne kadhaa kung'oka Mashariki. Athanasio, askofu wa mji uleule wa Aleksandria, aliuweka Ufunuo katika orodha yake ya vitabu 27 mwaka 367, na bado Waorthodoksi wanaofuata liturujia ya Kigiriki, wakiwamo wa Bukoba na Nairobi walio chini ya Patriarki wa Aleksandria, hawausomi katika ibada zao hadi leo.

Wakopti, ndugu zao wa Misri, wanafanya kinyume chake. Usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu husoma Ufunuo wote kanisani, mlango wa kwanza hadi wa 22, mnyama, namba na nzige wakiwamo. Ningependa kuona parokia moja ya kwetu, au usharika mmoja, ukijaribu jambo hilo, na kesho yake mchungaji akae tangu asubuhi kujibu maswali ya yeyote anayekuja na Biblia yake. Kwa kuanzia siku moja ingetosha; Dionisi alihitaji tatu, na aliokuwa nao walikuwa wamekwisha kukisoma kitabu.